Damu ya Pwani, Damu ya Ziwani

Mundu kila mkulima aujua: ni chuma kilichopinda mfano wa mwezi mwandamo, chenye mpini wa mti, na kazi yake ni kuvuna. Matabibu wetu walipotafuta jina la Kiswahili la maradhi yanayozipinda chembe nyekundu za damu hata zikafanana na chuma hicho, wakasema selimundu. Lakini kabla ya jina hilo kuwapo, mtoto mwenyewe alikuwapo, mwenye macho ya manjano na vidole vilivyofura, aliaye usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, ambaye aghalabu hakuwahi kubaleghe, na jirani huyu akasema ni husuda, yule akasema amerogwa.

Katika vitabu vya utabibu maradhi haya yaliingia mwaka 1910, kwa kalamu ya James Herrick wa Chicago, aliyeeleza habari za mwanafunzi wa utabibu wa meno kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, ambaye damu yake, ilipotazamwa kwa hadubini, ilionekana ina chembe ndefu, nyembamba, zilizopinda. Tangu hapo miaka karibu arubaini ikapita, na huko Marekani, hasa mwanzoni, jambo hili likihesabiwa kuwa la nadra, la kuandikiwa risala mojamoja na kuwekwa kando.

Aliyekuja kulitazama upya ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Gilgil katika Bonde la Ufa, na malaria aliijua kwa mwili wake mwenyewe tangu utotoni. Mwaka 1949, angali mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa chuo hicho uliokuja Kenya, akashika sindano, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali kwa nia ya kuchunguza makundi ya damu na nasaba zao. Kwa bahati, au tuseme kwa udadisi wa ujana, akaongeza na kipimo cha mundu.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Tone la damu huwekwa juu ya kioo, likachanganywa na maji ya dawa inyonyayo oksijeni, likafunikwa kwa kioo kingine chembamba, na kingo zikazibwa ili hewa isipenye, kisha husubiriwa. Damu ya mtu asiye na asili ya mundu hubaki vilevile, chembe zake duara kama sarafu. Lakini ya mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja, naye huenda ni mzima wa afya, katoka zake shambani na atarejea shambani, chembe zake huanza kujinyonga moja baada ya moja, zikachongoka ncha huku na huku, hata kioo kizima kikawa kama kapu la miundu.

Hesabu ilipotimia, Allison alikuta jambo la ajabu: pwani na kandokando ya ziwa la Nyanza, zaidi ya watu ishirini katika kila mia walikuwa na asili hiyo, ilhali nyanda za juu hakumpata hata mmoja katika mia. Lugha haikuwa sababu, wala kabila, kwa kuwa watu wa nasaba moja walitofautiana kwa kadiri ya mahali walipokaa. Na hapa ndipo penye fumbo. Mwaka huohuo ilithibitishwa Marekani kwamba mtoto huugua akirithi kwa baba na kwa mama pia. Basi ikiwa kila kizazi watoto hao hufa kabla ya kuzaa, wakaondoka na urithi huo maradufu, mbona haukwisha zamani? Mtu aliyekulia kwenye baridi ya Gilgil, na akajua kwamba homa hungoja chini kwenye joto, hakukawia kukisia: palipo na mbu wengi ndipo palipo na mundu mwingi.

Kukisia si kuthibitisha. Mwaka 1953 alirudi, akapima watoto 290 wa Baganda karibu na Kampala. Kati ya 247 wasio na asili ya mundu, 113 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 43 walio nayo, 12 tu. Fauka ya hayo, alichukua wanaume thelathini wa Kijaluo, nusu wenye mundu na nusu wasio nao, akawatia malaria kwa makusudi, kisha akawatibu: katika wale kumi na watano wasio na mundu, kumi na wanne walishikwa, katika wenye mundu, wawili. Walijitolea, ndivyo taarifa isemavyo. Nami, nikikumbuka ya kuwa Kenya ya mwaka huo ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, na Mwafrika hakuwa na nafasi kubwa ya kumkatalia Mzungu jambo, nasita kulipokea neno hilo kwa wepesi. Natija ilichapishwa mwaka 1954. Kwa ufupi, mzazi mmoja humpa mtoto ngao. Wazazi wawili wakimpa, ngao hiyo humgeukia yeye mwenyewe. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walipolichunguza tena jambo hili nusu karne baadaye, walikuta ngao hiyo huzuia karibu tisa katika kumi ya malaria kali.

Amma upande wa pili wa habari hii ulikuwa ukitendeka mbali na mbu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California walipitisha umeme katika himoglobini, ile protini ibebayo oksijeni, wakaona ya wagonjwa haiendi sawa na ya wazima. Wakayaita maradhi ya molekuli, na hayo yakawa ya kwanza kuitwa hivyo. Lakini kasoro iko wapi? Jibu lilitoka Cambridge, kwa Vernon Ingram, naye alifanyia kazi himoglobini ya mundu ambayo Allison alikuwa ameiacha huko kwa mtafiti Max Perutz.

Ingram aliikatakata protini kwa kimeng'enya, akadondosha tone lake kwenye karatasi yenye unyevu, akapitisha umeme upande mmoja. Kisha akaigeuza karatasi, akaacha kimiminika kikipanda upande wa pili, vipande vikatawanyika. Akanyunyiza dawa, akapasha moto, madoa ya zambarau yakachomoza. Akaweka karatasi ya mzima kando ya karatasi ya mgonjwa. Madoa kama thelathini, yote yalilingana; moja tu lilikuwa limehama. Kufikia mwaka 1957 alikwisha kulijua: asidi ya glutami imeondoka, na mahali pake pamekaa valini; leo yajulikana kuwa ni ya sita katika mnyororo wa asidi za amino 146. Maumivu yote yale ya usiku, husuda na uchawi wote uliosingiziwa majirani, asili yake ni badiliko hilo moja. Wengine wataitaja karatasi ile kuwa ushindi wa Cambridge, na haki yao. Mimi siwezi kuitazama bila kuufikiria mkono uliotoa damu.

Mwishoni mwa 2023, Uingereza kwanza na Marekani baadaye ziliruhusu tiba inayohariri jeni za mgonjwa ili mwili uanze upya kutengeneza himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Bei yake Marekani yapita dola milioni mbili kwa mtu mmoja. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako tabibu Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa tangu mwaka 2004, tegemeo ni vidonge vya haidroksiurea, kinga ya malaria, na kumpima mtoto mapema. Mtoto mchanga huchomwa kisiginoni, tone likadondoshwa kwenye karatasi na kuachwa likauke. Huko maabara hupitishwa umeme, na himoglobini ya mundu, kama ipo, huachana na wenzake ikasimama mahali pake.