Si Uvamizi, ni Utogaji

Siku mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, alipokuwa atolewe jiwe la figo, dada aliletewa fomu ya ridhaa atie sahihi. Ilisema mwanawe atafanyiwa "upasuaji wenye uvamizi wa kiwango cha chini". Akaisoma mara mbili, kisha akamgeukia muuguzi: "Sista, anayevamia ni nani?" Muuguzi akacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikwisha kuiandikia kamati ya istilahi barua juu ya neno hilohilo.

Kuvamia ni kazi ya majambazi, nyuki na nzige. Anayevamia hapigi hodi, wala haombi sahihi ya mama. Kilatini cha asili, *invadere*, kimejengwa kwa *vadere*, ambalo ni kwenda tu. Warumi wenyewe wakalinoa neno kwa ajili ya vita, kisha Waingereza wakalilegeza kwa ajili ya hospitali. Aliyelitia katika istilahi hii, miaka ya 1980, ni mpasuaji wao John Wickham, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa mawe ya figo. Kamati yetu, ilipofika zamu yake, ikaokota ukali wa vitani na kuuacha ulegevu wa hospitalini.

Nacho hicho "kiwango cha chini" kina hila. Msomaji wa kawaida huelewa operesheni ndogo, kama ya kupasua jipu. Lakini mtoto anapigwa nusukaputi kamili, sindano inapitishwa mgongoni hadi ndani ya figo, njia inapanuliwa, bomba linaingizwa, jiwe linavunjwa na kutolewa vipandevipande. Figo ina damu nyingi, na wapo watoto wanaolazimika kuongezewa damu. Kilicho kidogo ni tundu. Kazi yenyewe ni kubwa.

Magazeti yana lao: "upasuaji wa matundu". Hilo ni afadhali, nakiri. Kasoro yake ni kwamba tundu ni alama inayobaki, silo tendo. Hata panya huacha tundu.

Neno ninalolipigania ni *utogaji*. Pwani yote mtoto wa kike hutogwa masikio, na tundu linalobaki kwenye ncha ya sikio lina jina lake, ndewe. Hakuna asemaye sikio limepasuliwa, sembuse kuvamiwa. Kutoboa ni kwa yeyote na chochote: msumari hutoboa gurudumu, mdudu hutoboa mahindi. Kutoga kuna mkono wa mjuzi, sindano, kipimo, mtoto aliyepakatwa, na kusudi jema. Nitajieni kitenzi kingine chenye hayo yote. Na kinanyambuka bila kelele: toga, togwa, togea, mtogaji.

Wapo walionijibu kwamba *utogaji* utawakumbusha watu hereni. Naam! Na *upasuaji* uliwakumbusha nini, kama si kuni na mbao? Mbona tuliupokea? Mheshimiwa mmoja, ambaye kamusi yake ina makosa niliyoyahesabu, aliliita neno langu "la mapambo".

Historia yenyewe iko upande wangu. Mwaka 1976 Fernström na Johansson, Waswidi, walitoa mawe ya figo kupitia njia waliyoitoboa makusudi kwenye ngozi. Mabomba ya watu wazima yalifika namba 30 katika kipimo cha Charrière, yaani milimita 10, kwa kuwa kila namba ni theluthi ya milimita. Kwa figo ya mtoto hilo ni gogo. Ndipo mwaka 1998 madaktari wa Marekani wakaeleza njia ya watoto wachanga na wadogo wasioanza shule, kwa bomba la namba 11: hata milimita 4 halifiki. Vifaa hivyo vyembamba vikahamia kwa watu wazima baadaye. Njia hiyo nyembamba iliyoanzia kwa watoto ipewe neno lililoanzia kwa watoto.

Nimeulizwa pia: je, kamera inayopitishwa njia ya mkojo bila kutoboa popote? Huo ni *upenyezaji*. Na mawimbi ya mshtuko yanayovunja jiwe kutoka nje ya mwili, mambo yaliyoanzia München mwaka 1980? Huo ni *uvunjaji kwa mawimbi*. Kiingereza kimeyafungia yote matatu katika gunia moja. Sisi hatukulazimishwa kulibeba gunia.

Matumizi: "Mtoto ametogwa figo ya kushoto, jiwe limetoka." Yatosha.

Dada alitia sahihi, jiwe likatoka, na mtoto ana kovu dogo kama punje ya mtama. Fomu bado inasema uvamizi. Kamati ikikutana tena, nakala ya barua yangu wanayo. Wakiwa wameipoteza, nitapeleka nyingine.