Wapeleka-barua wa New York

Anayetuletea barua, mara nyingi hatumtazami usoni. Mwaka 1970, mpeleka-barua wa New York alifanya kazi miaka 21 ndipo apate mshahara wa juu, dola 8,442 kwa mwaka. Haukutosha, wengine walipokea msaada wa maskini. Sheria ya Marekani iliwakataza kugoma. Lakini tarehe 17 Machi Tawi la 36 la chama chao lilipiga kura: 1,555 walikubali mgomo, 1,055 walikataa. Miji mingine ikafuata. Rais Nixon akatuma askari wapange barua. Hawakuiweza kazi ile. Baada ya siku nane mgomo ukaisha. Mshahara ukaongezwa, na sheria ya Agosti ikakipa chama haki ya kupatana mshahara na wakubwa. Basi, tumheshimu mpeleka-barua: naye ana watoto wa kulisha.