Macho ya manjano si homa ya manjano: Maneno ya hospitalini na somo la Makueni na Kitui

BAINA ya Januari na Julai mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakaaga dunia katika iliyokuwa mikoa ya Mashariki na Kati nchini Kenya. Wengi wao walikuwa wakazi wa wilaya za Makueni na Kitui, ambazo leo ni kaunti. Wagonjwa walifika hospitalini macho yakiwa yamegeuka rangi ya manjano na ini likiwa limeharibika. Hawakuwa wameumwa na mbu, wala hawakuambukizwa na jirani. Walikuwa wamekula mahindi yaliyoota kuvu, mengi yakiwa yametoka katika mashamba yao wenyewe.

Mkasa huo ulikuwa miongoni mwa mikubwa zaidi ya aina yake kuwahi kunakiliwa ulimwenguni. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu mahindi yenyewe. Lisilozungumzwa sana ni suala la maneno. Daktari husoma, huandika na aghalabu hufikiri kwa Kiingereza. Mgonjwa husema kwa Kikamba au Kiswahili. Baina ya lugha hizo, dalili huweza kupewa jina la ugonjwa, nayo sumu ikadhaniwa kuwa maambukizi. Jina likikosewa, hatua inayochukuliwa nayo hukosewa. Makala haya yanafafanua baadhi ya maneno ya Kiingereza ambayo mgonjwa huyasikia hospitalini au kuyasoma katika kadi yake, na jinsi yanavyofaa kueleweka.

Jaundice

Neno hili lilitoka katika Kifaransa, lugha ambamo 'jaune' ni rangi ya manjano. Maana yake ni hali ya ngozi na weupe wa macho kugeuka manjano. Kwa Kiswahili twaweza kusema umanjano, au kwa uwazi zaidi, macho kugeuka manjano.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba hiyo ni dalili, si ugonjwa. Chembechembe nyekundu za damu zinapozeeka na kuvunjika, hutoa taka yenye rangi ya manjano. Kazi ya ini ni kuichukua taka hiyo na kuitoa mwilini kupitia nyongo. Ini likiumia, au njia ya nyongo ikiziba, au chembe za damu zikivunjika kwa wingi kupita kiasi, taka hiyo hujazana na rangi yake ikaonekana. Hata mtoto mchanga huweza kupata hali hii siku chache baada ya kuzaliwa.

Magazeti na kamusi kadhaa zimezoea kuiita hali hii homa ya manjano. Sisi wahariri tuna sehemu yetu ya lawama, kwa kuwa homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, ule uitwao 'yellow fever', unaosababishwa na virusi na kuenezwa na mbu. Ugonjwa huo ulizuka Kerio, katika Bonde la Ufa, mwaka wa 1992, na Isiolo mwaka wa 2022. Anayeambiwa kwamba jirani yake ana homa ya manjano atatafuta chandarua na chanjo. Hatafikiria kukagua gunia la mahindi lililo chumbani mwake.

Hepatitis

Kwa Kiswahili, neno lililozoeleka ni homa ya ini. Asili yake ni Kigiriki, ambamo ini huitwa 'hepar'. Kiambishi cha mwisho, '-itis', humaanisha kuvimba au kuwaka kwa kiungo. Ndicho kinachopatikana katika 'gastritis' ambayo ni uvimbe wa ukuta wa tumbo la chakula, 'arthritis' ya viungo na 'tonsillitis' ya mafindofindo. Atakayekijua kiambishi hicho atafumbua maneno mengi katika kadi yake.

Wengi hudhani kwamba homa ya ini huletwa na virusi pekee. Ni kweli kwamba viko virusi vitano vinavyojulikana sana, vinavyopewa herufi A hadi E, lakini ini huvimba pia kwa pombe, kwa baadhi ya dawa na kwa sumu. Mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Kumi na wawili walifariki. Dalili zao zilifanana na za homa ya ini ya kawaida, lakini uchunguzi ulifuata nyayo hadi kwenye mahindi.

Fever

Homa, katika maana ya daktari, ni joto la mwili kupanda. Joto la kawaida ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi, na likifika 38 huhesabiwa kuwa homa. Nchini Kenya, hata hivyo, mtu mwenye mafua na kikohozi husema ana homa, ilhali kwingineko anayesema hivyo hueleweka kuwa anachemka mwili. Mgonjwa anayemwambia daktari kwamba ana homa afafanue: je, mwili una joto, au pua inachuruzika?

Abdomen, stomach, womb

Kiswahili hutumia neno moja, tumbo, kwa mambo ambayo Kiingereza huyatenga. 'Abdomen' ni eneo lote kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye kinena. 'Stomach' ni mfuko unaopokea chakula. 'Womb' ni mji wa mimba. Anayesema tumbo linamuuma bado hajasema mengi. Ini hukaa upande wa kulia, chini ya mbavu, na maumivu ya mahali hapo yana uzito tofauti na ya kitovuni. Ni vyema kumwonyesha daktari kwa kidole mahali penyewe. Tumbo likifura kwa kujaa maji, ambalo ni jambo linaloweza kutokea ini linapoharibika, kadi huandikwa 'ascites'.

Hali ni hiyo hiyo kwa mkono na mguu. Kiingereza hutofautisha kiganja na mkono mzima, na wayo na mguu mzima. Kwa hiyo anayesema miguu imevimba aeleze ikiwa ni nyayo, vifundo au mapaja.

Acute na chronic

Maneno haya mawili hupotosha wengi. 'Acute' hutafsiriwa kuwa kali, lakini daktari hana maana ya ukali. Anamaanisha ugonjwa ulioanza ghafla. 'Chronic' ni wa muda mrefu, ambao twauita sugu. Ugonjwa wa ghafla huweza kuwa mwepesi, kama mafua, na ugonjwa sugu huweza kuua polepole.

Sumu ya mahindi ina sura zote mbili. Mwaka wa 2004 watu walikula kiasi kikubwa na wakaangamia ghafla. Hata hivyo, anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka sana akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka sumu hii mwaka wa 1987 katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Chanjo ya virusi vya aina ya B ni sehemu ya chanjo za watoto wachanga nchini Kenya.

Infection na poisoning

Neno la kwanza ni maambukizi: kiumbe hai, kama bakteria au virusi, kimeingia mwilini. La pili ni kudhuriwa na sumu. Tofauti si ndogo. Maambukizi mengi hutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Sumu haitoki kwa mgonjwa kumwendea mwuguzi. Watu wa nyumba moja wakiugua kwa pamoja, huenda hawakuambukizana bali wamekula chungu kimoja.

Isitoshe, neno sumu katika lugha yetu humfanya msikilizaji aulize ni nani aliyeitia. Ikumbukwe kwamba kuna sumu zisizotiwa na mtu. Kuvu huzitengeneza zenyewe, ghalani, pasipo adui yeyote.

Aflatoxin

Hili ndilo neno lililoingia vinywani mwa wakazi wa Ukambani kwa uchungu. Liliundwa kutokana na jina la kuvu iitwayo Aspergillus flavus: herufi ya A, kisha 'fla', kisha 'toxin', yaani sumu. Sumu ya kuvu hiyo ilikuja kujulikana baada ya batamzinga wapatao 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka wa 1960 kwa kula lishe ya karanga iliyooza. Watanzania wamelipa jina la sumukuvu, neno fupi na la wazi ambalo hata Wakenya wanalitumia. Mwaka wa 2016, sumukuvu iliwadhuru watu 68 katika maeneo ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na 20 kati yao wakafariki.

Sumukuvu haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Uchunguzi wa mwaka wa 2004 katika masoko ya maeneo yaliyoathirika ulipata kwamba asilimia 55 ya sampuli za mahindi zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni. Baadhi zilizidi sehemu 1,000. Kukoboa mahindi ili kupika muthokoi hupunguza sumu kwa kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuimalizi.

Antidote

Kiuasumu, yaani dawa inayoizima sumu fulani. Sumukuvu haina kiuasumu. Madaktari humsaidia mgonjwa kwa maji, lishe na uangalizi, huku ini likipewa nafasi ya kupona. Ndiyo maana neno lingine, 'prevention', yaani kinga, lina uzito kuliko yote.

Kinga huanzia shambani. Mahindi yavunwe yakikomaa, yaanikwe juu ya turubai wala si udongoni, na yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Yawekwe katika ghala lililoinuliwa na lenye hewa. Mwaka wa 2004, familia zilizoyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba zilikuwa katika hatari zaidi. Mahindi yaliyoota kuvu yasipewe ng'ombe wala kuku, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, Machakos, hutengeneza Aflasafe, bidhaa yenye kuvu isiyo na sumu inayotawanywa shambani ili kuishinda ile hatari.

Ya kumwambia daktari

Macho ya mtu yakigeuka manjano, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Msindikizaji awe tayari kueleza mambo manne: dalili zilianza siku gani, nani mwingine nyumbani anaugua, mahindi yanayoliwa yalitoka wapi na yalihifadhiwaje, na ikiwa mbwa au kuku waliokula mabaki wameugua au kufa. Abebe pia kiasi kidogo cha mahindi hayo. Si lazima ayajue maneno ya Kiingereza ili kuyasema hayo. Kikamba au Kiswahili chatosha, mradi tu asiseme "ni homa" akaishia hapo.

Naye daktari au mwuguzi akitamka neno usilolielewa, usione haya kuuliza: "Daktari, hiyo ni dalili au ni ugonjwa? Na umesababishwa na nini?" Maswali hayo mawili yangemfikisha mtu haraka kwenye gunia lililokuwa kona ya nyumba.