Tunguu walishuku kwa haki

Mwanzoni mwa Aprili 1964, majuma machache kabla ya kuunganisha nchi yake na ya Mwalimu Nyerere wa Butiama, Rais Abeid Amani Karume aliwaambia Wamarekani wang'oe mitambo yao Unguja. Kituo hicho cha Tunguu kilikuwa cha NASA, na kazi yake ilikuwa kuwasiliana na vyombo vya mradi wa Mercury vilipokuwa vikipita juu ya Afrika Mashariki. Upinzani dhidi yake ulianza kabla ya uhuru, hasa ndani ya ZNP, chama ambacho Abdulrahman Babu alikuwa katibu mkuu wake. Wapo waliosema pale ni pa makombora. Wasimulizi wengi hukitaja kisa hiki kama woga wa watu wasioijua sayansi. Huko ni kuwaonea.

Tazama kalenda. Mei 1, 1960, Wasovieti waliitungua ndege ya kijasusi ya U-2 iliyorushwa na Francis Gary Powers. Washington ilijibu kwamba ni ndege ya NASA ya kupima hali ya hewa. Siku chache baadaye kiongozi wa Wasovieti, Khrushchev, akamtoa Powers hadharani, mzima, na uongo ukaumbuka. Oktoba mwaka huohuo, Uingereza ikakubaliana na Marekani kujenga kituo Zanzibar, kwa jina la NASA hiyohiyo.

Katikati ya miezi hiyo kuna jambo ambalo Unguja hakuna aliyeweza kulijua. Agosti 18 ilirushwa setilaiti ya Marekani, Discoverer 14, iliyotangazwa kuwa ya utafiti. Kwa siri iliitwa Corona, na ndani yake mlikuwa na kamera na kilo 9 hivi za filamu. Hakukuwa na njia ya kurusha picha safi kwa redio, kwa hiyo filamu yenyewe ilirudi duniani: kapsuli ikachomoka, ikapenya hewa, ikafungua parachuti juu ya Pasifiki, na Agosti 19 ndege aina ya C-119, ikiburuta kulabu nyuma ya mkia, ikaidaka hewani karibu na Hawaii. Safari hiyo moja ilipiga picha eneo kubwa la Urusi kuliko safari zote za U-2 kwa pamoja.

Setilaiti za Corona zilipita chini sana. Zilipokaribia ardhi, kimo chake kilikuwa kama kilomita 160, pungufu ya barabara ya Musoma kwenda Mwanza kupitia Bunda. Zilizunguka zikipita karibu na ncha za dunia huku dunia ikijigeuza chini yake, kwa hiyo hakuna eneo lililokwepa njia yake, mkoa wa Mara ukiwemo. Kamera, hata hivyo, zilifunguliwa kwa hesabu, maana filamu ilikuwa haba na shabaha yake ilikuwa Urusi na China.

Tunguu yenyewe ilifanya kazi iliyotajwa. Februari 20, 1962, mwanaanga wa Mercury, John Glenn, alilikata bara kutoka upande wa Kano, akapita kanda yetu ya Maziwa Makuu, na alipoingia anga ya Zanzibar daktari wa kituo akafuatilia mapigo ya moyo wake alipokuwa akifanya mazoezi ya kuvuta kamba ya mpira. Ni kazi ya heshima. Lakini Mzanzibari angeitofautisha vipi na Discoverer, wakati serikali ileile ilizieleza zote mbili kwa maneno yaleyale ya sayansi?

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Wamarekani walihamishwa kwa meli ya kivita. Kazi ya Tunguu ikapelekwa Madagaska, na Muungano wa Aprili 26 haukuirudisha.

Corona iliendelea hadi Mei 1972, majuma machache tu baada ya Karume kuuawa. Februari 22, 1995, Rais Clinton aliamuru picha zaidi ya 860,000 za Corona na setilaiti wenzake zifunguliwe kwa umma. Babu alikuwa bado hai, na Mwalimu, mwenye umri wa miaka 72, alikuwa amekwisha kustaafu, makazi yake yakiwa Butiama.