Bagira: namna wageni walivyogeuka wenyeji

Hapa kwetu Bagira, watu wawili wakikutana mara ya kwanza, kisha salamu swali linalofuata ni moja tu: "Unatokaka wapi?" Mmoja atajibu Walungu, mwingine Kaziba, mwingine Kalehe, Mwenga, Shabunda, Idjwi, Uvira ao Fizi. Hata kijana aliyezaliwa hapa, ambaye hajafika bado katika kijiji cha babu yake, atataja kijiji kile. Ni wachache sana wanaojibu kwa ufupi: "Mimi ni mtu wa Bagira."

Swali lenyewe si baya. Wazee wetu waliliuliza kwa kutafuta undugu: pengine ukoo wenu na wetu ulikutana mahali. Lakini siku hizi, maji yakikosekana na nyumba za kupanga zikipanda bei, swali lilelile linaulizwa kwa sauti nyingine, kama vile anayeuliza alikuta mji huu tumboni mwa mama yake. Ndiyo sababu tumeona vizuri kukumbusha namna Bagira ilivyoanza, na namna watu wake wa kwanza, ambao wote walikuwa wageni, walivyozoea mji mpya mpaka wakaupenda.

Mji kabla ya Bagira

Vilima hivi havikuwa tupu. Vilikuwa ardhi ya Bashi wa Kabare, wenye migomba na malisho yao. Wazee wanasema hata jina Bukavu linatoka katika neno la kimashi enkafu, maana yake ng'ombe. Kituo cha wazungu kilianza mwaka wa 1901. Mwaka wa 1927 mji uliitwa Costermansville, kwa kumkumbuka Paul Costermans, mkubwa mmoja wa serikali ya Leopold wa Pili. Jina la Bukavu lilirudi katika miaka ya 1950.

Katika mji ule kila mtu alikuwa na fasi yake. Wazungu walikaa Ibanda na kwenye zile rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Waafrika walikaa Kadutu, juu ya kilima. Kufatana na sheria ya mwaka wa 1931, sité kama zile ziliitwa "centres extra-coutumiers", ndiyo kusema makao yasiyokuwa chini ya mwami. Mtu wa kijiji alihitaji karatasi ya ruhusa ili akae mjini, na usiku Mwafrika hakutakiwa aonekane katika mitaa ya wazungu bila barua ya bwana wake.

Kisha vita ya pili ya dunia kazi ziliongezeka: chai, kahawa, kinini, barabara, ofisi za serikali. Watu walishuka toka pande zote za Kivu, na Kadutu ikajaa. Nyumba zilibanana, na katika chumba kimoja unaweza kukuta familia mbili.

Nyumba za OCA

Ndipo ilipofika shirika la serikali ambalo wazee wetu bado wanalitaja kwa herufi zake tu: OCA, Office des Cités Africaines. Liliundwa tarehe 30 Machi 1952, wakati wa ule mpango wa miaka kumi uliotangazwa mwaka wa 1949. Lilijenga katika miji mikubwa: Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville, Usumbura, na kwetu Bukavu. Bagira ni mtoto wa OCA.

Jambo hili linafaa kufahamika vizuri. Mahali pengine watu walifika kwanza, wakajenga, kisha barabara ikatafuta njia kati ya nyumba. Bagira ilikuwa kinyume: barabara zilipimwa kwanza, nyumba zikapangwa kwa mistari, zote za kudumu na zote zenye kufanana, na katika mpango huohuo ziliwekwa shule, soko, zahanati na kanisa. Mfanyakazi mwenye mshahara na mke wa ndoa aliweza kupanga, ao kununua kwa kulipa pole pole kila mwezi. Mwaka wa 1955, mfalme Baudouin alipotembelea Kongo, kuliundwa tena mfuko ulioitwa Fonds du Roi, kwa kusaidia wenye mshahara mdogo wapate nyumba.

Tusisifu kupita kiasi. Serikali ya Wabelgiji ilitaka wafanyakazi watulivu, na Bagira iko mbali na Ibanda. Umbali ule ulipatana na fikira za ubaguzi za wakati ule: asubuhi mtu awe kazini mjini, jioni arudi kwake kilimani. Na nyumba yenyewe ilikuwa na mafikiri yake. Ilihesabu baba, mama na watoto. Haikuhesabu bibi, wala shemeji aliyekuja kusoma, wala mjomba aliyeleta mgonjwa. Nyumba ya kizungu ilikuwa inangojea ukoo wa kiafrika, na sherti moja kati ya hizo mbili ibadilike. Sisi tunajua ni ipi iliyobadilika.

Siku za kwanza

Fikirini mama mmoja aliyeshuka kwenye kamio na magodoro, vyungu na watoto. Mbele yake kuna mlango wenye namba. Kushoto jirani anasema kirega, kuume anasema kihavu, na ngambo ya barabara kifulero. Yeye anajua kimashi tu. Tena kuna baridi: tuko juu ya mita 1,500, na jioni upepo wa ziwa hauulizi mtu amevaa nini.

Aliwezaje kuanza? Kwa moto. Desturi ilikuwa hivi: siku ya kwanza, mama mpya alienda kuomba moto kwa jirani. Alipewa makaa mekundu katika kigae cha chungu, akarudi nayo mbio kabla hayajazimika. Hata mwenye kiberiti alienda kuomba, kwani kuomba moto kulikuwa namna ya kujionyesha: "Tumefika, tuko hapa." Kesho yake ilikuwa jirani kuja kuomba chumvi, hata kama alikuwa nayo. Kwa njia hii hakuna aliyekuwa na deni juu ya mwenzake, ao tuseme wote walikuwa nalo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mithali hii ilifuatwa kabisa. Jirani alimpa mgeni chipukizi cha mgomba ao miti ya muhogo, na nyuma ya nyumba ya OCA kukaota sombe, lenga-lenga na maharagi. Ramani ya mainjinia haikuonyesha mashamba hayo, lakini ndiyo yaliyofanya mke aone kwamba hajapotea.

Lugha nayo ilipatikana kwenye robine. Kungojea maji ndiko kulikuwa shule ya kiswahili chetu. Mwalimu darasani alitaka "tulikuja" na "watu wote". Kwenye robine ilikuwa "tulikuya" na "batu bote", na maji yalitoka vilevile. Kiswahili hiki, ambacho watu wa pwani wanakicheka, hakikuwa cha kabila lolote la hapa, na kwa sababu hiyo kiliweza kuwa cha wote. Mtoto aliyezaliwa Bagira alisema na mama yake kimashi ao kirega, na mwenzake wa kucheza kiswahili, na mwalimu kifaransa, bila kuona ni ajabu.

Furaha ndogo

Mji hauwi wako kwa sababu ya karatasi. Unakuwa wako siku unapoanza kuwa na kitu kidogo unachokingojea. Watu wa kwanza wa Bagira walikuwa na vitu hivyo vingi.

Kulikuwa kwanza barza. Jioni, kisha kazi, baba aliketi mbele ya mlango na kutazama ziwa huko chini likibadilika rangi, na upande wa pili milima ya Rwanda. Kulikuwa mahindi ya kuchoma kando ya njia, wakati wa mavuno. Kulikuwa kasiksi, pombe ya ndizi iliyofika mjini kwa miguu juu ya vichwa vya wamama wa Bushi, na iliyonywewa polepole, chombo kimoja kwa watu wengi. Mwisho wa mwezi, mwenye mshahara alinunua Primus. Siku zingine zote zilikuwa za kasiksi. Kulikuwa nguo za siku ya Mungu, na matembezi kisha misa, ambapo watu walipita polepole makusudi ili waonekane. Baadaye kulikuwa mupira: kushuka kwa miguu mpaka uwanja wa Concorde huko Kadutu kutazama Muungano ao Dawa, na kupanda tena kilima jioni, wengine wakiimba, wengine kimya.

Na kulikuwa sambaza. Hapa ndugu msomaji anisikilize vizuri. Leo mtu akisema Bukavu, anafikiri sambaza za kukaanga pamoja na bugali na pilipili. Tunaziona kama kitu cha mababu. Kumbe zamani ziwa Kivu halikuwa na sambaza hata moja. Kati ya mwaka wa 1958 na 1960, samaki wadogo wa ziwa Tanganyika waliletwa na kutiwa humu, aina mbili. Aina moja haikuzoea. Ile nyingine, ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ilizoea, ikazaa, na ikajaza ziwa. Ilipita miaka kabla wavuvi hawajajua namna nzuri ya kuikamata usiku, kwa taa na nyavu, kwenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Sasa, usiku usiokuwa na mwezi, taa hizo zinaonekana ziwani kama mji mwingine.

Ndiyo kusema sambaza ilifika kwetu karibu wakati mmoja na watu wa Bagira. Nayo ni mgeni aliyetoka Tanganyika. Hakuna anayeiuliza inatokaka wapi.

Waliofuata

Watu hawa hawakubaki wageni muda mrefu. Mwezi wa Decemba 1958 wakaaji wa Bukavu waliitwa mara ya kwanza kupiga kura kwa kuchagua washauri wa komini zao. Mtu ambaye miaka michache mbele alihitaji ruhusa ya kulala mjini, sasa aliulizwa nani aongoze mji.

Kisha yalikuja mambo mazito. Mwaka wa 1967, toka Agosti mpaka Novemba, askari wa kukodiwa wa Jean Schramme waliteka Bukavu, na wakaaji wengi walikimbia. Waliporudi, walikuta nyumba zimefunguliwa na vitu vimeenda. Mwaka wa 1994 walifika wakimbizi wengi sana toka Rwanda. Vita ya 1996, ya 1998, mapigano ya 2004, tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, na tena Februari 2025 wakati M23 ilipoingia mjini: kila mara kuna waliokimbia na waliorudi. Na katika miaka hiyo yote vijiji vililetea mji watu wapya, kwani mashambani usalama ulikosa mbele ya kukosa huku.

Bagira iliwapokea kwa kujigawa. Ndani ya parseli ya OCA iliyohesabiwa kwa familia moja, kulijengwa chumba cha mbao nyuma, kisha cha pili, kisha pale palipokuwa lenga-lenga. Barza zingine zimefungwa kwa tofali na kuwa vyumba ao maduka. Nyumba ziliendelea kupanda upande wa Nyakavogo na Kasha. Robine nyingi zimekauka, na watoto wanaamka usiku kutafuta maji na bidoni.

Shida hizi ni za kweli, na hatuzifichi. Lakini tunasikia ikisemwa kwamba ni "bale ba juzi" walioharibu Bagira. Sivyo. Bomba zilipimwa kwa watu wa miaka ya 1950, na waliotawala kisha hapo hawakuongeza zilizotosha. Mama wa Shabunda anayepanga chumba cha mbao hakukausha robine. Anasimama kwenye mstari uleule kama mwenye parseli, na mara nyingi nyuma yake.

Neno la mwisho

Desturi tunazozihesabu kuwa zetu, nyingi zina umri mdogo kuliko bibi zetu. Kuomba moto hakukuwa sheria ya mwami wala ya OCA. Kulitungwa na wageni waliokuwa na baridi, kwa ajili ya wageni wenzao. Leo makaa hayaombwi tena, kila mtu ana kiberiti chake. Lakini maana yake inaweza kubaki: bidoni moja ya maji kwa aliyefika jana, kumwonyesha njia ya soko na ya shule, kumwita akae kidogo kwenye barza, kama barza ingali iko.

Tunaomba vijana waende kwa wazee wachache wanaokumbuka nyumba hizi zilipokuwa mpya, wawaulize ni nani aliyewapa moto siku ya kwanza, na waandike jibu. Mara nyingi watasikia jina la mtu wa kabila lingine.

Na mara nyingine ukiulizwa "Unatokaka wapi?", taja kijiji cha babu yako, ni vizuri. Kisha ongeza: "Lakini kwetu ni hapa." Na jirani yako wa chumba cha mbao akisema vilevile, usimcheke. Wazee wako walisema hivyo mbele yake, na kuna mtu aliyewaitikia.