Je, virusi vinaweza kusababisha saratani ya damu?

Swali hili huulizwa sana kliniki, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini kwa sababu nyuma yake kuna lingine: je, mgonjwa wetu atatuambukiza? Tuanze na hilo. Saratani ya damu haiambukizi. Kula naye sahani moja, mwogeshe, lala naye kitanda kimoja. Kinachoambukizwa ni baadhi ya virusi ambavyo, kwa watu wachache sana, huchangia saratani kuanza. Kwa lukemia nyingi, hakuna kirusi kinachojulikana kuhusika.

Iko saratani moja inayotuhusu zaidi sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Inaitwa limfoma ya Burkitt, nayo huwapata hasa watoto. Huanzia kwenye chembechembe nyeupe za damu, ndiyo maana huhesabiwa pamoja na saratani za damu ingawa wewe utakachoona ni uvimbe.

Jina ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walikuta ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na haupo kwenye milima yenye baridi. Ramani yake ilifanana na ramani ya malaria. Kisha vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake kirusi kipya. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, au EBV.

Usishtuke: karibu kila mtu mzima anacho EBV. Hupita kwa mate, na huku kwetu watoto wengi hukipata wakiwa wadogo kabisa bila hata kuugua. Hukaa mwilini maisha yote, kimejificha kwenye chembechembe nyeupe, na kinga ya mwili hukidhibiti. Sasa kwa nini mtoto mmoja apate saratani na wengine wote wasipate?

Jibu kubwa ni malaria ya mara kwa mara. Kila malaria inapopiga, mwili huzalisha kwa wingi chembechembe zilezile ambamo EBV imejificha, na wakati huohuo kinga inayoidhibiti huchoka. Zinavyozidi kugawanyika, ndivyo nafasi ya kosa kwenye vinasaba inavyoongezeka. Kosa lenyewe linajulikana: jeni iitwayo MYC, inayoamrisha seli kugawanyika, huhama mahali pake na kubaki imewashwa.

Kwa hiyo chandarua kina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Utafiti ulioanza Muleba mwaka 2014 ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO viliwakinga watoto na malaria kuliko vile vya kawaida, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vitumike. Utafiti ule ulipima malaria, haukupima saratani. Lakini ukinielewa hapo juu, unaona uhusiano. Chandarua si cha kufugia vifaranga.

VVU navyo vimo. Kagera tunaijua historia hii: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa hapa mwaka 1983. VVU hudhoofisha kinga, na kinga ikidhoofika virusi kama EBV hupata mwanya. Ndiyo maana limfoma huwapata zaidi watu wenye VVU, watoto na watu wazima, hasa wasiotumia dawa. Ukiwa CTC na umeona mitoki isiyoisha, homa, jasho jingi usiku au kukonda, mwambie mhudumu. Usiseme ni kawaida ya ugonjwa.

Kipo pia kirusi cha HTLV-1, kinachojulikana zaidi Japani, ambacho huleta aina moja ya lukemia kwa wachache kati ya walio nacho.

Turudi kwa mtoto. Dalili za Burkitt ni uvimbe wa taya au shavu, meno kulegea bila sababu, jicho kutokeza nje, tumbo kuvimba, au miguu kuishiwa nguvu. Uvimbe huu hukua haraka kuliko karibu saratani zote. Unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wiki mbili za kumkanda na majani, au kung'oa jino moja baada ya jingine, ni nyingi mno. Mpeleke kituo cha afya leo, uombe rufaa. Kipimo ni kuchukua kipande cha uvimbe na kukiangalia kwa darubini. Matibabu ya saratani Kanda ya Ziwa yako Bugando, Mwanza.

Kwa sababu seli zake hugawanyika haraka, dawa za mshipani nazo huziua haraka, na watoto wengi wakiwahi hupona kabisa. Hapo ndipo penye mtego: uvimbe hunywea baada ya dozi ya kwanza, mzazi anawaza nauli na shamba lililobaki Muleba, anaondoka. Ukirudi, huwa ni mgumu zaidi kutibu. Kabla ya kuondoka, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, umweleze hali yako kuhusu malipo na nauli, na uulize tarehe ya dozi inayofuata.