Boi, Mpishi, Toto: Waigizaji Waliobeba Muvi Kubwa za Bonde la Ufa na Hukuwahi Kushika Majina Yao

Taja Rongai mbele ya msee wa Nairobi na akili yake inaenda moja kwa moja kwa mat za muziki wa kupasua masikio. Sisi wa Nax tunajua kuna Rongai nyingine, kama kilomita 30 hivi kutoka tao, Rongai ya mashamba na mahindi, tulivu mpaka unaskia ng'ombe wakitafuna. Hiyo Rongai ndiyo iko ndani ya muvi iliyoshinda Oscar.

Si chai. Machi 2003, muvi ya Kijerumani inaitwa Nowhere in Africa ilichukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Stori inaanza 1938 kwenye shamba huko Rongai, na mtu wa kwanza kuokoa maisha kwenye hiyo stori ni mpishi Mjaluo anaitwa Owuor. Mwigizaji aliyemcheza ni Mkenya, marehemu Sidede Onyulo. Uliza marafiki zako wangapi wanamjua. Mimi niliuliza kwa grupu yetu ya WhatsApp, watu 46, nikapata emoji mbili na mtu mmoja akidhani ni mwanasiasa.

Tutarudi kwa Onyulo, huyo ndiye nampenda zaidi. Lakini kumwelewa vizuri lazima turudi nyuma miaka 50, kwa sababu kuna kitu kimoja ukianza kukiona hukiachi: kila mara dunia ikileta kamera upande huu wa Bonde la Ufa, mtu wetu anapewa kazi ile ile. Anabeba bunduki ya mzungu, anapikia mzungu, ama ni toto wa jikoni ya mzungu. Sasa ukipewa kazi hiyo moja tu, utaifanyaje ndio watu wakukumbuke?

Kimursi, mtu wa 1950

Mwaka 1950 kampuni ya MGM ilitoa King Solomon's Mines, kutoka kwa kitabu cha H. Rider Haggard cha 1885. Wakati huo studio nyingi za Hollywood zilikuwa zinajenga Afrika ya mbao na majani huko huko California. Hawa walifunga safari. Walipiga Uganda kwenye maporomoko ya Murchison, wakapiga Kongo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi na Tanganyika, na kwa upande wa Kenya muvi yenyewe inataja Machakos na Rumuruti. Rumuruti, yaani ile ya kupita Nyahururu ukiendelea Laikipia. Muvi ilipata Oscar mbili, moja ya kamera na moja ya uhariri, na ilikuwa kwenye orodha ya zile zinazoshindania filamu bora ya mwaka.

Staa alikuwa Stewart Granger, akicheza mwindaji Allan Quatermain, na mwanamke ni Deborah Kerr. Karibu na Granger, kutoka mapema kwenye safari, kuna Khiva, mtu wake wa mkono wa kulia. Khiva amechezwa na Kimursi.

Hapo ndipo orodha ya waigizaji inakuwa kituko. Wazungu wana jina la kwanza na la pili kama watu wote. Kimursi ameandikwa jina moja, halafu maelezo kwamba ni wa kabila la "Kipsigi". Hata ile s ya mwisho ya Kipsigis waliona ni mzigo. Na si yeye peke yake. Siriaque, aliyecheza Umbopa, yule mrefu anayegeuka kuwa mfalme, naye ameandikwa jina moja na kabila la Kitutsi. Yaani hawa ndio wenye kazi ya maana kwenye muvi, wanabeba mzigo na stori, na wametambulishwa vile mtu anatambulisha mbuzi sokoni: huyu ni wa wapi, huyu ni wa wapi.

Sasa angalia huyo staa mwenyewe. Stewart Granger si jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa James Stewart, akabadilisha kwa sababu Marekani tayari kulikuwa na James Stewart mwingine maarufu. Mtu mmoja alikuwa na majina ya kuchagua na kutupa, mwenzake wa pembeni hakuandikiwa hata la baba.

Na mwisho wa Khiva utauguess. Safari inakutana na mzungu mtoro anaitwa Van Brun, anayejificha kwenye kijiji. Van Brun anajaribu kumpiga Quatermain risasi, inampata Khiva. Staa anaendelea na safari na mapenzi, Khiva anabaki hapo. Leo tunacheka kwamba mweusi ndiye hufa kwanza kwa muvi, lakini mtu wetu wa Kipsigis alishaifanya hiyo 1950, kwa rangi kamili. Na studio ilivyopenda faida, picha za ile safari hazikupumzika: MGM walizichomoa tena wakazitumia kwenye Watusi ya 1959.

Kitu kimoja niseme kwa haki. Icheki hiyo muvi, utaona Kimursi hachezi kama mtu aliyeokotwa jana porini. Anasimama kwa utulivu, hasongesongi kamera, na Granger akiongea naye unaamini hawa wawili wametembea pamoja miaka. Wengi wenye majina mawili hawajui kufanya hivyo.

Job Seda, ambaye unamjua bila kujua

Songa mpaka 1985, Out of Africa. Meryl Streep, Robert Redford, Oscar saba. Hii kila mtu ameiskia, hata kama aliizima baada ya dakika 40, sitakulaumu, ni ndefu. Kuna ile sehemu ndege inapita juu ya ziwa na flamingo wanaruka kama zulia la pinki linalovutwa. Na Lord Delamere yumo kama mhusika. Huyo ni yule yule wa Njoro na Soysambu, yale mashamba unapita hapo Elmenteita ukienda Nairobi.

Kazi zilikuwa zipi kwa watu weusi? Farah, msimamizi wa nyumba ya Karen Blixen, amechezwa na Malick Bowens, ambaye si Mkenya bali mtu wa Mali. Kamante, kijana mwenye mguu mgonjwa anayekuja kuwa mpishi, ni Joseph Thiaka. Na Kanuthia, mtu wa mkono wa Denys, yule Redford anamcheza, ameandikwa kama Job Seda.

Job Seda. Weka hilo jina kando kidogo.

Alizaliwa Mombasa 1956, familia ya wanamuziki wa Kijaluo, na akiwa mdogo alikaa Chicago na wazazi wake. Miaka ya 70 alikuwa kwenye bendi ya Black Savage, halafu akawa mmoja wa walioanzisha African Heritage Band. Alicheza pia kwenye The Kitchen Toto ya 1987. Mwaka mmoja kabla hiyo muvi itoke alikuwa amebeba nyatiti yake akaenda Uingereza, akapiga kwenye vituo vya treni za chini London mpaka watu wa Real World wakamshika. Mwaka 1993 wakatoa albamu yake, En Mana Kuoyo. Lakini kwenye kava hakuna Job Seda. Kuna Ayub Ogada.

Ndio, huyo huyo. Ayubu na Job ni jina moja la Biblia, amelivaa tu upande mwingine. Tofauti yake na Kimursi ni kwamba huyu alijichagulia. Kwa hivyo kama umewahi kutafuta Ayub Ogada kwenye orodha ya Out of Africa ukaambiwa hayupo, sasa unajua. Alifariki Februari 2019 huko Nyahera, Kisumu, na matangazo mengi yalimtaja kama mwanamuziki. Ni kweli, lakini kabla ya dunia kumskia, ilikuwa imeshamwona akisimama nyuma ya Redford.

The Kitchen Toto nayo isikupite. Hiyo jina lake tu limeshamaliza maneno. Ni wakati wa Mau Mau, kijana anaitwa Mwangi, baba yake mhubiri anauawa, na karao mkubwa wa kizungu anamchukua mtoi kuwa toto wa jikoni kwake. Karao ni Bob Peck, yule baadaye alikuwa msimamizi wa wanyama kwenye Jurassic Park. Mke ni Phyllis Logan, ambaye mamako anamjua kutoka Downton Abbey. Na Mwangi ni Edwin Mahinda, mtoto Mkenya ambaye karibu kila kitu kwenye hiyo muvi kinapita usoni mwake. Mazee, ni kazi ngumu. Anatakiwa kuogopa pande mbili kwa wakati mmoja, na hapewi hotuba ya kueleza anachofikiria. Kwa mara moja kamera imekaa upande wa jikoni badala ya sebuleni, na mtoto amebeba. Peck na Logan waliendelea mpaka muvi na seriali ambazo dunia nzima imeona. Jina la Mahinda ukilitaja leo unaulizwa ni nani.

Sidede Onyulo na joho la wakili

Sasa turudi Rongai.

Stori ya Nowhere in Africa ni ya kweli kiasi kikubwa. Stefanie Zweig alizaliwa 1932 kwa familia ya Kiyahudi Ujerumani. Baba yake alikuwa wakili, Hitler alipoanza kuwafinya Wayahudi akatoroka Kenya, na 1938 mke na mtoto wakamfuata. Wakili akawa msimamizi wa shamba Rongai, baadaye Ol Joro Orok, kule juu Nyandarua. Mtoto akapelekwa bweni Nakuru. Familia ilirudi Ujerumani 1947, na Zweig akaandika kitabu akiwa mtu mzima, 1995. Owuor wa kitabu alikuwa mpishi wao kweli. Mwongozaji Caroline Link akaifanya muvi 2001, akaja kuipiga Kenya yenyewe, na sehemu nzuri ya mazungumzo ni Kiswahili. Si kile cha "hakuna matata", ni kile cha mtu na mtu.

Mwanzoni Walter, yule wakili, amelala hoi na malaria. Owuor anamuuguza mpaka anasimama. Walter hana doh ya kumshukuru, anampa kitu pekee alichobaki nacho cha maisha ya zamani: joho lake jeusi la mahakamani. Fikiria mpishi shambani Rongai amevaa joho la wakili. Mwigizaji mwingine angeifanya kichekesho, na ukumbi ungecheka. Onyulo analivaa kama kitu kilichokuja kwa mwenyewe.

Halafu mke anafika, Jettel, na sahani za kifahari kwenye sanduku. Anamwongelesha Owuor vibaya sana, kama kifaa cha nyumba, mpaka mumewe anamkumbusha kwamba hivyo ndivyo wao walivyofanyiwa walikotoka. Cheki uso wa Onyulo kwenye hizo sehemu. Hakasiriki kwa kelele. Anapumua kidogo, anaendelea na sufuria, na wewe unaona kabisa kwamba amesikia kila neno na ameliweka mahali. Na akiwa na yule mtoto, Regina, anakuwa mtu mwingine, anacheka na mabega yote.

Nikuambie ukweli, bado ni ile kazi. Owuor ni mpishi mwema wa mzungu, hatujui sana kuhusu watoto wake ama kwake Nyanza, na muvi inapotaka mambo makubwa inaenda kwa ndoa ya Walter na Jettel. Hiyo siwezi kuitetea. Lakini Onyulo ameijaza nafasi ndogo mpaka imefura. Ukimaliza kuangalia, ndoa ya wale wawili inaanza kukutoka kichwani, yeye anabaki.

Mwaka 2005 alionekana tena kwenye The Constant Gardener, nafasi ndogo, anaitwa Jomo. Muvi hiyo ndiyo ilimpa Rachel Weisz Oscar. Na kama masikio yako yako sawa, utaskia nyatiti na sauti inaimba Kijaluo kwamba mvua inakuja. Ni Kothbiro ya Ayub Ogada. Wawili wetu kwenye muvi moja, mmoja uso, mmoja sauti. Kanye West alipotoa Yikes 2018 na wasee wakauliza hiyo sauti ya chini ni ya nani, jibu lilikuwa Kothbiro tena, ile ya zamani ya Black Savage.

Kama unatafuta kitu cha kuangalia wikendi hii, anza na ya Rongai, na usizime kabla haijaisha. Familia inajiandaa kurudi Ujerumani. Owuor hasubiri afukuzwe kazi wala apewe bahasha. Anaamka mapema, anamuaga Regina, anamchukua mbwa wa nyumba, na anaanza safari yake kwa miguu.